Goti Si Kigae

Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, goti la kulia la Fundi Pimamaji lilimwachia.

Lilimwachia kwenye kidato cha kumi na moja cha ngazi ya kituo kipya cha afya. Mikononi alikuwa amebeba boksi la vigae. Goti halikupiga kelele. Lilicheza tu pembeni, kama mguu wa meza uliotoka msumari, na fundi akajikuta chini pamoja na boksi lake. Vigae vinane vikapasuka. Saa inajulikana kwa uhakika kwa sababu wakubwa walikuwa wamefika kukagua jengo, na mmoja wao alikuwa akiangalia saa yake, akiwaza chai.

Ngazi ile haikuwa na mahali pa kushika. Vyuma vya pembeni vilikuwa "vinakuja." Vilikuwa vinakuja tangu mwaka uliopita. Wakubwa wana vitu vingi ambavyo vinakuja.

"Pole, mzee," alisema msimamizi wa ujenzi. Kisha akawageukia wenzake na kushusha sauti, lakini hakuishusha sana. "Ndiyo tabu ya kuchukua wazee. Kazi hii inataka mtu mwenye magoti mapya."

Fundi alisikia. Goti lilimuuma, lakini neno lile lilimuuma zaidi.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Miaka thelathini na minne alikuwa akipiga magoti, akibandika vigae. Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Walimwita Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa cha fundi chenye kichupa cha maji, kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa. Hakukiacha hata siku moja. Hata akialikwa chai, alikilaza kwanza juu ya meza ya mwenyeji. "Meza yako imeinama kushoto," angesema, ndipo anywe.

Sakafu ya posta ilikuwa yake. Sakafu ya shule, madarasa manane, yake. Akipita mahali palipo na sakafu yake, alipunguza mwendo na kukanyaga kwa sauti ili mwenye masikio asikie.

Na sasa ngazi yenye vidato ishirini na viwili ilimshinda katikati. Vilibaki kumi na kimoja. Walimrudisha nyumbani kwa toroli la saruji.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha kulala, kingine cha cherehani ya binti yake, aliyekuwa mshonaji. Mkewe fundi alifariki miaka sita iliyopita. Alifia kwenye benchi la hospitali, wakimsubiri mtu mwenye ufunguo wa chumba cha dawa. Tangu siku ile Pimamaji aliapa kwamba hospitali ataijenga, lakini hatatibiwa ndani yake.

Kwa hiyo alijitibu mwenyewe, kifundi.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "kigae kikilegea unafanyaje?"

"Baba, mimi nashona nguo."

"Basi nikufundishe. Unakibandika upya. Halafu hukikanyagi mpaka kikauke. Goti langu limelegea. Nitaliacha likauke."

"Goti linakauka, Baba?"

"Kila kitu kinakauka kikipewa muda."

Alichukua vibao viwili, kimoja huku na kingine huku, akafunga goti kwa ukanda wa kitambaa. Akaketi kwenye kiti, mguu juu ya ndoo. Alikuwa na ubao anaouweka mbele ya vigae vibichi, wenye neno moja kubwa la chokaa: USIKANYAGE. Aliutundika nyuma ya kiti chake, pale wageni wangeuona.

Kigae hupewa siku moja. Goti ni kubwa kuliko kigae, basi fundi alilipatia wiki saba.

Majirani walikuja na ushauri, kila mtu na wake. Muuza magazeti alikuwa mtaalamu kuliko wote.

"Ni maji ya goti yamekauka," alisema. "Kunywa maji ya bamia, asubuhi na jioni, yanavutavuta kama maji ya goti. Lakini wewe si ndiye Pimamaji? Hebu chukua kifaa chako, upime maji ya goti lako!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye alicheka, nusu. Bamia akanywa. Maumivu yakizidi, alimeza vidonge vya dukani, viwiliviwili, wakati mwingine vitatu, mpaka tumbo likaanza kumchoma.

Wiki ya saba ilipotimia, alifungua vibao. Alikuwa na furaha kama mtu anayefunua sakafu mpya. Akasimama.

Goti lilikuwa gumu kama mpini, halikutaka kukunjika. Lilipokunjika, likatetemeka, likamwachia. Angeanguka kama binti yake asingeiacha cherehani na kumdaka kwapani.

Kutoka siku ile, kwenda msalani kulitaka ukuta mmoja, mkono wa binti, na maneno mengi ya uchungu. Mtu aliyewanyooshea sakafu watoto wa shule nzima, sasa alipelekwa msalani na mwanawe. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani.

"Chukua mfuko wangu wa zana," alisema siku moja, bila kumtazama binti. "Uweke juu ya kabati. Huko nyuma kabisa."

"Baba…"

"Weka, mama. Nimekwisha."

Binti akauweka. Lakini hakuuweka nyuma kabisa. Aliuweka pembeni, mkanda wake ukining'inia, ili kila siku baba yake ahisi unamwita.

Jumamosi moja alikuja mteja kupunguziwa suruali ya kazi. Alikuwa dada mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, aliyehamia nyumba ya jirani. Alifanya kazi kwenye kile kituo kipya cha afya, kilichokwisha kuanza kupokea watu, akiwafundisha wagonjwa kutumia tena miguu na mikono. Mtaani walikwisha kumpa jina: Nyanyua. Kila mara alisikika akimwambia mtu, "Nyanyua! Nyanyua tena!"

"Shikamoo, Baba," alisema.

"Marahaba."

Nyanyua akausoma ubao kwenye kiti. "Usikanyage. Nani asikanyage?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

Binti akajibu kwa niaba yake, akamwaga kila kitu: kidato cha kumi na moja, vibao, ndoo, bamia, vidonge. Fundi alimkata jicho, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Nyanyua hakucheka. Alisema, "Dada, niazime futi yako."

Akapima paja la kushoto la mzee, juu kidogo ya goti. Sentimita hamsini na moja. Akapima la kulia, mahali palepale. Arobaini na sita.

"Pima tena," alisema fundi. Katika mambo ya vipimo hakumwamini mtu.

Akampa futi apime mwenyewe. Arobaini na sita.

"Zimekwenda wapi sentimita tano?" aliuliza Nyanyua.

Fundi aliirudisha futi. Maneno angeweza kuyabishia. Futi hakuweza.

"Nitakuambia," alisema Nyanyua, akavuta kigoda. "Wewe ni fundi, kwa hiyo tuzungumze kifundi. Ukitaka mstari ulionyooka unafanya nini?"

"Nasimika vijiti viwili, navuta uzi."

"Vijiti vikisogeleana?"

"Uzi unalegea. Unaning'inia kama kamba ya nguo. Mstari unapotea."

"Sasa sikiliza. Mfupa wa paja ni kijiti kimoja. Mfupa wa chini ya goti ni kijiti cha pili. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na kitu kilaini, kinateleza. Kinaitwa gegedu. Wewe umepiga magoti miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Gegedu lako limelika. Likilika, mifupa inasogeleana. Na kati ya mifupa kuna nyuzi ngumu zinazoishikilia isiende ovyo. Hizo ni kano. Vijiti vikisogeleana…"

"Uzi unalegea," fundi alimalizia, taratibu. Akaangalia goti lake kama mtu anayeiona nyumba yake kutoka upande wa nyuma kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana lilicheza pembeni."

"Ndiyo maana. Na kano nazo huchakaa pamoja na goti. Huchanika nyuzinyuzi, hukosa nguvu."

"Basi zivute. Uzi ukilegea mimi nauvuta na kuufunga upya."

"Kano hazivutwi hivyo, Baba. Na gegedu lililolika halirudi kuwa jipya. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, awe na sindano au awe na bamia."

"Bamia pia?" aliuliza binti.

"Bamia ni mboga nzuri. Mle. Lakini inakwenda tumboni, gotini haifiki."

Fundi akashusha pumzi. "Kwa hiyo nimekwisha. Nilisema."

"Hujakwisha! Kuna kitu cha tatu kinachoshikilia vijiti. Msuli. Huu wa mbele ya paja ndio mkubwa. Ukiwa na nguvu, goti halichezi hata kama kano zimelegea. Na huo ndio ulioupoteza, sentimita tano nzima, kwa sababu ulikaa ukisubiri goti likauke. Saruji inapata nguvu ikiachwa. Msuli unapata nguvu ukitumiwa. Ukiuacha, unakwenda zake."

Pimamaji akanyoosha mkono nyuma ya kiti. Akautoa ule ubao. Akaugeuza, maandishi yakatazama ukuta.

"Sitatibiwa hospitali," alisema. "Nimeapa."

"Hutatibiwa. Utafanya kazi. Mimi nitakuwa msimamizi tu."

"Wasimamizi siwapendi."

"Nami sipendi mafundi wabishi. Tumelingana. Simama kutoka kwenye kiti hicho, kaa, simama, mikono kifuani. Nusu dakika. Dada, angalia saa."

Alisimama mara mbili. Ya tatu akaangukia kiti.

"Mbili," alisema Nyanyua. "Iandikeni ukutani."

Binti akachukua chaki ya kushonea, akaandika ukutani: 2. Chini yake: 46.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Nyanyua hakukubali kupuuzwa. Daktari lazima alione goti, na picha ipigwe, kwa sababu mzee alianguka. "Huenda kuna kilichovunjika. Siwezi kumfanyisha mtu mazoezi kwa kubahatisha."

"Chumba chako kiko wapi?" aliuliza fundi.

Nyanyua akakohoa. "Ghorofani."

"Ghorofa ipi?"

"Unaijua ngazi yake, Baba."

Fundi akaangua kicheko kirefu, kichungu, mpaka machozi yakamtoka. Wenye magoti mabovu wamepelekwa juu! Vidato ishirini na viwili, bila chuma cha kushika!

Walikwenda Jumatatu; kupigwa picha, fundi alisema, si kutibiwa. Nyanyua akamfanyia vipimo chini, kwenye benchi kando ya ngazi, watu wakipita. Hata wagonjwa wengine aliwashukia vilevile, mara kumi kwa siku. Alikwisha kuandika barua tatu kuomba chumba cha chini. Kilikuwepo, hatua sita kutoka mlangoni. Wakubwa walikifunga kwa kufuli. Ndani waliweka viti vilivyovunjika.

Picha ilionyesha kwamba hakuna kilichovunjika. Nafasi kati ya mifupa, upande wa ndani wa goti, ilikuwa imebana, kama Nyanyua alivyosema. Daktari alisema upasuaji hauhitajiki kwa sasa. Akamwandikia dawa ya kupaka, akamkataza vidonge vya kujipimia dukani, vilivyokwisha kumuumiza tumbo. Akamwonya pia: "Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na wewe una homa, usingoje. Likikwama lisinyooke, au ukishindwa kabisa kulikanyagia, njoo siku hiyohiyo."

Kazi ikaanza.

Asubuhi, akiwa amekaa kitini, fundi alinyoosha mguu wa kulia mpaka ukawa sawa. Aliushikilia akihesabu tano, akaushusha polepole. Mara kumi. Apumzike, halafu kumi nyingine. Wiki ya kwanza alitukana. Wiki ya pili alilaza pimamaji juu ya mguu ulionyooka, aone kama umelala sawa. Binti alicheka mpaka akakosea mshono.

Wiki ya nne, Nyanyua alitaka uzito. Binti akashona mfuko mdogo wa kitambaa cha jinzi, akaujaza mchanga wa kilo moja, akautia vifungo ili ufungwe kwenye kifundo cha mguu. Ulikuwa mshono mzuri. Watu wawili wakaagiza ya mama zao.

"Inauma, Nyanyua," fundi alilalamika.

"Inauma vipi? Ikiuma kidogo na kutulia, endelea. Ikivimba kesho yake, tumezidisha, tupunguze."

Fimbo alitaka kuishika mkono wa kulia, upande wa goti bovu. Nyanyua akamhamishia kushoto. "Fimbo na mguu mgonjwa viende pamoja, pande mbili. Hapo mzigo unagawanyika." Kwenye ngazi alimpa maneno sita ya kukumbuka: mzima atangulie kupanda, mgonjwa atangulie kushuka.

"Kwa wakubwa ni hivyohivyo," alisema fundi. "Wazima ndio wanaopanda."

Kitambi nacho kilizungumzwa. Kilikua wakati wa ndoo, na chai ya vijiko vitano vya sukari. Kila kilo ya tumbo, goti huibeba kama kilo tatu au nne katika kila hatua. Fundi alishusha sukari mpaka kijiko kimoja, akiomboleza kama amefiwa tena.

Ukutani namba zilipanda. 4. 5. 7. Wiki mbili zikabaki 7, fundi akanuna, hakutaka kuongea na mtu. Kisha 9. Paja likafika 48, halafu 49.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, binti akahesabu kwa sauti, "…tisa, kumi, kumi na moja! Baba, kumi na moja!"

"Ndivyo vidato nilivyoacha," alisema fundi. Akaenda mwenyewe kwenye kabati, akaushika mkanda uliokuwa unaning'inia, akautelemsha mfuko wa zana. Akafuta mwiko vumbi kwa shati lake. Binti aliinamia cherehani ili machozi yake yasionekane.

Siku hazikupita nyingi, msimamizi wa ujenzi akabisha hodi. Safari hii hakuwa na sauti kubwa. Wenye magoti mapya walimalizia ngazi kwa haraka. Vigae vya vidato vitano vilikuwa vinalia kama debe tupu ukivigonga, na kimoja kilikwisha kumwangusha bibi mmoja.

"Wakubwa wanakuja kuzindua, Fundi. Tunakuomba."

"Vyuma vya kushika vimefika?"

"Vinakuja."

"Basi na mimi nakuja."

Msimamizi akasubiri aendelee. Fundi alinywa chai yake ya kijiko kimoja.

Vyuma ambavyo vilikuwa vinakuja kwa mwaka na nusu vilifika kwa siku tisa.

Fundi akarudi kazini, lakini si kama zamani. Hakupiga magoti sakafuni kutwa nzima. Alikalia kigoda kifupi. Pale alipolazimika kupiga goti, alivaa pedi nene ambazo binti alimshonea kwa sponji ya godoro kuukuu. Kila nusu saa alisimama, akanyoosha mguu, akatembea. Hakubeba boksi. Alibeba vigae vinne vinne, mkono mmoja ukiwa kwenye chuma. Kazi aliyokuwa akiimaliza kwa siku mbili ilimchukua tano.

"Unachelewa, Fundi," alisema msimamizi.

"Gonga," alijibu.

Msimamizi akagonga kidato cha kumi na mbili. Kilitoa sauti nzito, iliyoshiba. Akagonga cha kumi na tatu. Vilevile.

Kidato cha mwisho kilipobandikwa, fundi aliweka ule ubao wake chini ya ngazi: USIKANYAGE. Hapo ndipo mahali pake.

Siku ya uzinduzi alivaa shati lililopigwa pasi. Wakubwa walikaa kivulini, wagonjwa juani. Kabla ya hotuba, Pimamaji aliisogelea ngazi, fimbo mkono wa kushoto. Kwenye kidato cha kwanza akamkabidhi binti yake fimbo.

"Baba, uende nayo."

"Nitashika chuma. Nimekisubiri sana."

Mguu mzima ukatangulia. Kimoja. Viwili. Kwenye cha kumi na moja alisimama kidogo, akakikanyaga kwa sauti. Goti lilitulia mahali pake. Halikucheza. Akaendelea, kumi na tano, ishirini, na Nyanyua akiwa juu mlangoni, akipaza ile sauti yake: "Nyanyua! Nyanyua tena!" Kufika cha ishirini na mbili alikuwa akihema, lakini amesimama wima kama ukuta aliousimamisha mwenyewe. Chini, watu wakapiga makofi kuliko walivyompigia mgeni wa heshima.

Juu, kwenye kibaraza, akawakuta wazee saba, wagonjwa wa Nyanyua waliopandishwa kwa ajili ya uzinduzi, wameketi sakafuni, sakafu yake, wakitafuta pumzi. Bibi mmoja alipanda kwa makalio, kidato kwa kidato. Ilimchukua dakika ishirini.

Fundi akashuka, safari hii mguu mgonjwa ukitangulia, kama alivyofundishwa. Hotuba ilikuwa inaisha. Mkubwa alikuwa amekwisha kusifu ramani, akasifu kamati, akasifu ofisi yake. Akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno.

Pimamaji akanyoosha mkono.

"Shukrani kwa ngazi," alisema. "Nimeibandika mwenyewe, naijua. Huyu dada aliyenirudisha kazini huishuka mara kumi kwa siku, kwa sababu wagonjwa wake hawawezi kuipanda. Nina swali moja tu, wala si gumu."

Mkubwa akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama karatasi. Fundi akaonyesha kwa kidole kile chumba cha chini, hatua sita kutoka mlangoni, kilichofungwa kwa kufuli.

"Ni nani aliyeamua kwamba viti vibovu vikae chini, na magoti mabovu yapande juu?"